Kinywa cha Siwa

Mimi Shekuwe, karani
wa mazumbe wa mjini,
nilokaa mkekani
na kalamu nikapewa.

Mwezi wa pili wa vita
misumari twaokota,
sinia tunazikata
risasi zipate kuwa.

Adui kashika Manda.
Juu ya paa twapanda;
mioto iliyotanda
usiku yahesabiwa.

Mwenzetu ni Bwana Tora
wa Siyu, hana papara,
ana mizinga imara,
minne, haijatumiwa.

"Andika," Zumbe kanena,
"Ndugu yetu muungwana,
tangu lini kuonana!
Tu wagonjwa bila dawa.

Tupe mizinga miwili,
itarejea kamili,
na gunia mia mbili
za mpunga utapewa."

Mjumbe wetu Famau,
mikokoni kwa miguu,
tope kifuani juu;
barua haikulowa.

Siku tano, jibu laja:
"Ndugu zangu wa pamoja,
kwanza mpunga nangoja,
mizinga sijaamuwa.

Wa kwangu nao waota
adui anawakata.
Nikikupa, nitapata
nini, nami kivamiwa?"

Zumbe kacheka puani,
akasema, "Huyu nani?
Jana alikula ndani
mwangu, kafunua kawa!

Hilo usiliandike.
Maneno yatakasike:
sema, 'Hofu iondoke,
twende nusu, iwe sawa.

Mmoja uje, kwa siku
arubaini; usiku
tukeshe nao; na huku
rehani itatolewa.'"

Baraza ikanyamaa,
kila mtu kaduwaa.
Mmoja kasema, "Aa!
Rehani gani? Si siwa!"

Siwa ya shaba ya babu,
iliyolia harubu,
harusi, hata taabu,
mjini ikisikiwa.

Zumbe kasema, "Sauti
haizuii mauti.
Kesho tukiwa maiti
nani atapuliziwa?"

Neno "siwa" kuandika,
wino ukanidondoka
na sini ikaumbuka.
Sikufuta; ikatiwa

muhuri, ikasafiri
na siwa, kwenye hariri,
mfano wa mwana mwari
asotaka kuolewa.

Mzinga ukaja kweli,
ukavutwa na rijali;
vigelegele vikali
darini ukarushiwa.

Lakini tufe? Hakuna.
Barua fupi twaona:
"Matufe yake, mabwana,
kwangu yamehifadhiwa.

Mkipigana, niite,
nitakuja nayo yote.
Tufe moja lisipite
bila mimi kuitiwa."

Zumbe kaisoma wima,
akacheka, akahema:
"Mwenzetu ametupima
kama alivyopimiwa."

Akafunua kibindo,
kikatoka, pole mwendo,
kidude chenye uvundo
wa mate: kinywa cha siwa.

Vita vilipowasili
alikuja Tora kweli
na matufe, na la pili,
bubu yetu, ile siwa.

Hakuna aliyesema.
Kinywa kikarudi nyuma
mahali pake; na chuma,
nacho tufe kikatiwa.

Vikalia kwa pamoja.
Na Manda, mara mmoja,
mwingine bila kungoja,
mioto ikazimiwa.

Vita viliisha. Deni
haliishi maishani.
Hadi leo, bandarini
mzinga umeachiwa

punda, kamba, na watoto
hupanda kupata joto.
Kila mwaka, si mzito,
waraka wa Tora huwa:

"Salamu. Mzinga wangu?"
Naandika, "Ndugu yangu,
tufe lako, siyo langu,
ndani humo limekawa.

Uje, utoe mwenyewe,
unywe kahawa, upowe,
na hesabu tuelewe:
nusu, nusu; sawa, sawa."